Mpinzani husikia ushahidi, ila kuhama upande ni jambo jingine

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa safu ya siasa. Wiki iliyopita alituambia kwamba kujadiliana na mtu wa chama kingine ni kutwanga maji kwenye kinu, kwa sababu wanasaikolojia wamekwisha kuonyesha kuwa mtu akipewa ushahidi unaopinga imani yake ndipo hasa anapozidi kuikumbatia. Akamalizia kwa kutushauri tusijichoshe, tuzungumze na tunaokubaliana nao. Ushauri huo ni mbaya, na utafiti anaouegemea umepitwa na wakati.

Dai lenyewe lina asili inayojulikana. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Brendan Nyhan na Jason Reifler, walichapisha majaribio ambamo washiriki walisoma habari iliyowafanya wadhani kwamba Iraki ilikuwa na silaha za maangamizi kabla ya kuvamiwa. Baadhi yao waliongezewa sahihisho: silaha hizo hazikupatikana. Miongoni mwa wahafidhina, waliosoma sahihisho walielekea zaidi kuamini kwamba silaha zilikuwepo kuliko wenzao ambao hawakulisoma. Matokeo hayo yalivuma, na sishangai. Ni habari tamu kwa yeyote anayejihesabu kuwa upande wa haki: mwenzangu hasikii la mtu, kwa hiyo mimi sina la kufanya.

Kilichofuata hakikuvuma kiasi hicho. Thomas Wood na Ethan Porter walilipima jambo hilo upya kwa washiriki zaidi ya 10,000 na mada 52, tena zile ambazo vyama vya Marekani huzigombania kwa ukali. Katika matokeo yao ya mwaka 2019 hawakupata hata mada moja ambayo sahihisho liliuongezea uongo nguvu. Kwa jumla watu walisogea kuelekea kwenye ukweli, hata ulipowachoma. Nyhan na Reifler hawakununa. Waliungana na Wood na Porter, wakapima pamoja kauli za Donald Trump za kampeni ya mwaka 2016. Wafuasi wake walipoonyeshwa takwimu sahihi, walirekebisha walichoamini kuhusu takwimu hizo. Mapenzi yao kwa mgombea hayakutikisika.

Hapo ndipo penye kiini, na ndipo mwandishi wenu alipopapita mbio. Anachokijua mtu na upande anaosimama ni vitu viwili. Ushahidi hugusa cha kwanza. Cha pili kimefungamana na watu: waliomlea, anaoshiriki nao ibada, marafiki wanaomjua tangu ujana. Kukubali kwamba takwimu fulani ni ya uongo humgharimu dakika moja ya aibu. Kuhama upande kunaweza kumgharimu nusu ya jamaa zake. Sisi tunamshinda kwa tarakimu, kisha tunalalamika kwamba hakuhama, na kutokuhama kwake tunakuita ujinga.

Ujinga haukielezi kisa hiki. Mwaka 2013 Dan Kahan na wenzake waliwapa Wamarekani zaidi ya elfu moja jedwali la takwimu lenye mtego kidogo. Wengine waliambiwa linahusu dawa ya kupaka upele: iliwasaidia wagonjwa au iliwazidishia? Waliojua hesabu walifanya vizuri kuliko wengine, kama unavyotarajia. Kundi jingine lilipewa tarakimu za namna ile ile, ila likaambiwa zinahusu marufuku ya raia kutembea na bastola zilizofichwa na athari yake kwa uhalifu. Ghafla hesabu ikawa na chama. Mjuzi wa hesabu aliukwepa mtego pale jibu sahihi lilipoufurahisha upande wake. Lilipouudhi, aliridhika na jibu la juujuu. Na pengo kati ya pande mbili lilikuwa pana zaidi kwa wajuzi kuliko kwa wasiojua hesabu. (Nawaomba wasomaji wenzangu wenye shahada wasiipite sentensi hiyo haraka.)

Zaidi ya hayo, mara nyingi tunagombana na mtu ambaye hayupo. Mwaka 2018 Douglas Ahler na Gaurav Sood walionyesha kwamba Wamarekani hudhani asilimia 38 ya wafuasi wa Republican wana kipato cha zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka, wakati ukweli ni asilimia 2. Kuhusu wafuasi wa Democratic, hudhani asilimia 32 ni mashoga, wasagaji na wengine wa kundi hilo. Ukweli ni asilimia 6. Vikaragosi vya namna hii huishi mahali popote ambapo vyama viwili vimeacha kutembeleana, na dawa yake si ngumu kiasi hicho: kumwona mtu mwenyewe.

Sasa nije kwenye kisa ambacho ningependa mwandishi wenu akisome kwa makini, maana ndani yake mna jibu la swali lake. Desemba 2014 jarida la Science lilichapisha utafiti uliodai kwamba mazungumzo mafupi mlangoni na mhamasishaji shoga yalibadili kwa muda mrefu maoni ya wapiga kura kuhusu ndoa za jinsia moja. Ulisifiwa kila mahali. David Broockman na Joshua Kalla, watafiti vijana, walitaka kufanya utafiti wao kwa kuuiga. Walipouchunguza wakaona tarakimu hazikai sawa. Mei 2015, pamoja na Peter Aronow, waliweka kasoro hizo hadharani, na kabla ya mwezi kwisha jarida likaufuta utafiti.

Wangeweza kuishia hapo na kutangaza kwamba kuzungumza ni bure. Walikwenda kupima wenyewe, safari hii kwa takwimu za kweli, kazi ya wahamasishaji waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba huko Miami kuzungumzia watu waliobadili jinsia. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba mazungumzo ya takriban dakika 10 yalipunguza chuki, na athari hiyo ilikuwa bado ipo miezi mitatu baadaye. Utafiti wa kughushi ulidai mhamasishaji lazima awe mtu anayehusika na suala hilo mwenyewe. Huu wa kweli haukuona hivyo: aliyehusika na asiyehusika waliweza kazi ile.

Je, walisema nini pale mlangoni? Kidogo kuliko unavyodhani. Humwuliza mwenye nyumba anasimama wapi katika suala lile, kisha kwa nini, na lolote atakalojibu halipokelewi kwa mshangao wala kwa uso uliokunjwa. Humwuliza kama anamjua mtu yeyote anayeguswa na suala hilo. Humwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuhukumiwa kwa jinsi alivyo, na mhamasishaji naye hueleza yaliyompata. Mwishoni humrudisha kwenye swali la kwanza aone kama jibu lake ni lile lile. Mwaka 2020 Kalla na Broockman walichapisha majaribio mengine, yaliyohusisha karibu wapiga kura 7,000 katika maeneo saba ya Marekani, na mada moja ikiwa wahamiaji wasio na vibali. Walipoiondoa ile sehemu ya kubadilishana visa bila kuhukumiana na kubakiza hoja tupu, hakuna kilichosogea. Ilipokuwepo, maoni yalisogea na kudumu kwa miezi minne angalau.

Nisiwapake mafuta: mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo. Wengi hubaki walipokuwa, na wapo wasiofungua mlango kabisa. Tena mazungumzo ya aina hii huchosha, na si haki kumtwisha kazi hiyo mtu ambaye utu wake ndio unaojadiliwa. Anayetukanwa kwa kabila au dini yake hana deni la kumsikiliza kwa tabasamu anayemtukana. Kazi hiyo iwaangukie kwanza wale ambao mjadala hauwaumizi. Kwa bahati mbaya hao ndio huwa wa kwanza kusema hawana muda.

Ipo pia hoja ya kuwa visa tu ndivyo hufanya kazi, na hoja hazifai kitu. Nayo siikubali. Mwaka 2024 Thomas Costello na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu walioamini nadharia za njama walijadiliana na programu ya akili mnemba. Imani yao ilipungua kwa takriban asilimia 20, na miezi miwili baadaye ilikuwa haijarudi. Programu ile haikuwa na utoto wala jeraha la kusimulia. Ilichofanya ni kujibu sababu alizotoa mtu yule mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa ushahidi unaozihusu. Watafiti wanautilia mkazo ushahidi. Mimi naongeza dhana yangu, kwamba mbele ya mashine hakuna wa kukucheka ukikubali umekosea. Mjadala wetu mwingi wa siasa hufanyika mbele ya watazamaji, iwe studioni au kwenye kundi la simu lenye wanafamilia arobaini. Pale kila sentensi ina hadhira yake, na anayelegeza kamba anaonekana ameshindwa. Mtu yule yule ukimpata peke yake mkitembea huweza kusema, bila kulazimishwa, kwamba kiongozi wake amechemsha.

Kwa hiyo, Mhariri, nina ombi linalohusu gazeti lako. Kila wiki mnachapisha makala mbili zinazopingana, ukurasa mmoja, picha za waandishi zikitazamana kama mabondia. Nimezisoma kwa miaka na sikumbuki hata mwandishi mmoja aliyenukuu kwa usahihi hoja ya mwenzake. Pendekezo langu ni kwamba kila mmoja aanze na aya moja inayoeleza msimamo wa mpinzani wake, na aya hiyo isiende mitamboni mpaka mpinzani mwenyewe aisome na kusema ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema. Aya ya pili ieleze ni jambo gani, likithibitishwa, lingemfanya mwandishi abadili mawazo. Baada ya hapo wapigane watakavyo.

Najua wapo watakaogoma. Makala zao zichapwe kama kawaida, lakini chini yake wekeni mstari mmoja wa kumjulisha msomaji ni nani aliyekataa kuandika aya ipi.

Msomaji wenu wa siku nyingi