Filamu ya Sarafina! isihukumiwe kwa kosa ambalo si lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nijibu makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu Sarafina!, filamu ya muziki juu ya wanafunzi wa Soweto, kitongoji cha watu weusi Johannesburg, walioasi dhidi ya utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Katika makala hiyo mwandishi wenu alisema kwamba filamu hiyo imeshindwa kuamua kama ni ngoma au ni msiba, na kwamba kwa sababu hiyo haistahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za sanaa ya Afrika. Hukumu hiyo si ngeni. Filamu ilipotoka mwaka 1992, baadhi ya wahakiki wa Marekani walisema jambo lilelile: walizisifu nyimbo, wakamsifu Leleti Khumalo aliyeigiza kama Sarafina, lakini hawakuweza kukubali kwamba wanafunzi wanaoimba na kucheza katika uwanja wa shule ndio haohao wanaopigwa risasi na kuteswa mahabusu muda mfupi baadaye. Nami naiona filamu hiyo kuwa na kasoro, tena si ndogo, ila nadhani wanaoikosoa hivyo wameweka kidole mahali pasipouma.

Sarafina! ilianza jukwaani. Mbongeni Ngema aliitunga na kuiongoza, Hugh Masekela akashirikiana naye katika muziki, na ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 katika ukumbi wa Market Theatre mjini Johannesburg, wakati ile hali ya hatari ambayo makaburu waliitangaza nchi nzima mwezi Juni 1986 ilikuwa bado haijaondolewa. (Ukumbi wenyewe ulifunguliwa Juni 1976, siku chache tu baada ya polisi kuanza kuwamiminia risasi watoto wa Soweto.) Kutoka hapo igizo lilivuka bahari hadi New York, likaingia Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo mjini humo, Januari 1988 na kuchezwa mara 597. Waliolibeba walikuwa vijana ambao Ngema mwenyewe aliwakusanya na kuwanoa, na Leleti Khumalo, aliyekuwa bado na umri wa miaka kumi na kitu, akateuliwa kuwania tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani nchini Marekani.

Sasa, mtu akisema kwamba nyimbo na risasi haviwezi kukaa katika hadithi moja, ni lazima ajiulize kwanza watu wa Soweto waliishi vipi katika miaka hiyo. Mikutano ya hadhara ilipopigwa marufuku, mazishi yakawa karibu mahali pekee ambapo maelfu ya watu waliweza kukusanyika, na kwa hiyo jeneza la mwanafunzi lilisindikizwa kwa nyimbo, kwa hotuba, na kwa mchezo wa toyi-toyi uliotikisa ardhi mbele ya magari ya polisi. Huko hapakuwa na ukuta kati ya kilio na ngoma, kama ambavyo haupo katika makabila mengi ya hapa kwetu yanayowaaga wafu wao kwa kucheza. Kwa hiyo pale ambapo filamu inatoka katika uwanja wa shule uliojaa vicheko na kuingia katika mazishi, huku kwaya ileile ikiendelea kuimba, mwongozaji Darrell James Roodt hajapoteza njia, bali anafuata mwendo wa mambo yalivyokuwa. Kinachomtatiza mtazamaji wa mbali ni mazoea ya Broadway na Hollywood, ambako igizo la muziki limezoeleka kuwa burudani ya kumwondolea mtu uchovu.

Sisi wa Morogoro tuna sababu zaidi ya kulielewa hilo. Baadhi ya vijana waliokimbia baada ya mauaji ya 1976 walifika Mazimbu, katika ardhi ambayo serikali ya Tanzania iliipa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, na hapo ikaanzishwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wazee wa mji huu watakumbuka kwamba vijana hao hawakuonekana katika sherehe yoyote bila ya kwaya yao. Waliimba juu ya ndugu waliouawa, wakaimba kwa sauti nne, na miguu yao haikutulia hata kidogo. Hakuna aliyewauliza kama wanafurahi au wanaomboleza. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1992, mwaka uleule ambao filamu ilitoka, na majengo yake leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Mwaka huo ndio unaonifikisha kwenye kile ninachokiona kuwa udhaifu halisi wa filamu, ambao mwandishi wenu hakuugusa. Igizo la jukwaani linafikia kilele wanafunzi wanapoandaa mchezo wao wa shule kuhusu siku ambayo Nelson Mandela atatoka gerezani. Mwaka 1987 maneno hayo yalikuwa ni ujasiri mtupu, kwa sababu Mandela alikuwa bado amefungwa, na kijana aliyeyatamka jukwaani Johannesburg alikuwa akitamka jambo ambalo dola ilikuwa imeapa kulizuia. Kamera zilipowashwa, Mandela alikwisha kutoka tangu tarehe 11 Februari 1990. Wimbo wa kuahidi uhuru kesho, uliokuwa unabii, ukaanza kusikika kama kumbukumbu, ingawa kwa kweli uhuru wenyewe ulikuwa bado haujafika: Juni 1992 watu walikuwa wakichinjwa Boipatong, kitongoji cha watu weusi kusini mwa Johannesburg, na wananchi weusi hawakupiga kura hadi Aprili 1994. Filamu ilikwama katikati ya nyakati hizo mbili. Haikuweza kuendelea kuota kana kwamba ni 1987, wala haikuthubutu kusema waziwazi kwamba ndoto ilikuwa imetimia nusu, nusu nyingine ikiwa mikononi mwa wanasiasa mezani. Ndiyo maana onyesho la mwisho, pamoja na uzuri wake wote, halichomi kama nyimbo zilizolitangulia.

Udhaifu wa pili ni suala la nani amepewa hadithi. Jukwaani uzito ulikuwa kwa darasa zima. Hata Sarafina mwenyewe alikuwa wa kwanza miongoni mwa wenzake tu. Filamu imemweka mbele mwalimu Mary Masembuko, aliyeigizwa na Whoopi Goldberg, ambaye anafundisha historia isiyoruhusiwa, anakamatwa, kisha anafia mikononi mwa polisi. Sitaki kumwonea msanii huyo. Alikuwa ametoka kupata tuzo ya Oscar mwaka 1991, na mwaka uleule wa 1992 Marekani nzima ilikuwa ikimcheka katika filamu ya vichekesho ambamo anajificha kwa masista, lakini hapa amejizuia, ameigiza kwa utulivu, na tukio la darasani anapowauliza wanafunzi maswali ambayo mtaala unayakwepa ni miongoni mwa yale yanayobaki akilini. Inawezekana pia kwamba bila ya jina lake filamu isingefika katika majumba mengi ya sinema nje ya Afrika Kusini. Hata hivyo gharama yake inaonekana: wanafunzi wengine, ambao jukwaani kila mmoja alikuwa na sauti na tabia yake, kwenye filamu wamekuwa kundi linaloitikia, na uasi ulioanzishwa na watoto wenyewe mwaka 1976, mara nyingi dhidi ya ushauri wa wazazi na walimu wao, unaonekana kana kwamba ulihitaji mtu mzima wa kuwafungua macho.

La tatu linaniudhi zaidi, na mpaka leo sijapata maelezo yanayoniridhisha. Mama yake Sarafina, mtumishi wa ndani katika nyumba ya Wazungu, ameigizwa na Miriam Makeba, mwanamke aliyenyang'anywa pasipoti mwaka 1960, akaishi uhamishoni kwa miaka thelathini, na ambaye Afrika Mashariki nzima inamjua kwa jinsi alivyoiimba Malaika. Katika filamu ya muziki, katika nchi yake mwenyewe aliyokuwa amerejea muda mfupi tu kabla ya hapo, onyesho la mama na binti ambamo nafasi ya wimbo wake ipo lilikatwa, na watazamaji wa 1992 hawakuliona. Lilirudishwa katika toleo lililotolewa upya Afrika Kusini tarehe 16 Juni 2006, miaka thelathini baada ya maasi ya Soweto. Onyesho hilo linabadilisha mengi, kwa sababu bila yake mama anaonekana kuwa mtu aliyeinama tu mbele ya mabwana zake, na binti anapomdharau mwanzoni mtazamaji hana budi kukubaliana naye. Likiwepo, tunaelewa vizuri zaidi kwa nini msichana aliyetoka mahabusu anakwenda kwanza kwa mama yake kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote.

Nikisema hivi simaanishi kwamba mapokezi ya filamu yalikuwa ya dharau kila mahali. Hapa kwetu hayakuwa ya mchanganyiko hata kidogo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na wengi wetu tuliifahamu Sarafina! kwa kanda za video zilizochakaa kwa kupitishwa mkono kwa mkono. Baadaye vituo vikaizoea hasa kila inapokaribia tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, ambayo ilianza kuadhimishwa mwaka 1991. Wapo watoto wa shule za msingi wanaouimba wimbo wake wa mwisho bila ya kujua kwamba umetoka kwenye filamu. Sidai kwamba mapenzi ya watazamaji yanaifuta kasoro yoyote, lakini mhakiki anayeandikia gazeti la Kiswahili angeanza na swali la kwa nini filamu hii imeishi hivyo katika nchi zetu, badala ya kuazima mashaka ya watu waliokuwa wakiitazama kutoka mbali.

Nina ombi moja kwako, Ndugu Mhariri, na kupitia kwako kwa vituo vya televisheni vitakavyoirusha tena Juni ijayo: vitafute toleo la 2006, lenye onyesho la Makeba, na kabla ya kulirusha vitoe hata dakika tano za kueleza Mazimbu ni wapi na ni nani waliokuja kuishi pale.

Msomaji wenu,
Morogoro