Karatasi ya majibu yenye neno moja haimsaidii mama aliyepoteza mimba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye maabara binafsi za hapa Dar es Salaam, na kidogo na akina mama wanaopeleka damu huko. Mimi ni mteknolojia wa maabara mstaafu, mkazi wa Tabata. Kwa kuwa mtaa mzima unajua kazi niliyokuwa nikifanya, baraza yangu imegeuka mahali pa kuletewa karatasi za majibu. Nyingi hazina shida: malaria, mkojo, wingi wa damu. Inayonikera ni ile yenye jina refu la Kiingereza na mbele yake wameandika "positive", basi. Kiwango hakuna, aina ya kipimo hakuna, na hakuna anayemwambia mama kwamba anatakiwa kurudia.

Nazungumzia kipimo cha kingamwili za antifosfolipidi. Daktari humwandikia mwanamke ambaye mimba zake zimetoka mara tatu au zaidi mfululizo, au mtoto asiye na kasoro amefia tumboni mimba ikiwa na wiki 10 au zaidi, au amelazimika kuzalishwa kabla ya wiki 34 kwa sababu presha ya mimba imekuwa kali au kondo limeshindwa kumlisha mtoto. Kingamwili kazi yake ni kupambana na vijidudu, lakini hizi huzigeukia protini za mwili wenyewe, zile zinazoshikamana na mafuta ya kuta za seli. Damu inaganda pasipotakiwa, na kondo nalo linashambuliwa. Daktari Graham Hughes wa London alianza kuueleza ugonjwa huu unaoletwa na kingamwili hizo mwaka 1983, kwa hiyo si habari ya jana. Huku mitaani mwanamke wa namna hiyo bado anaambiwa ana chango, anachemshiwa mizizi, na mawifi wanaanza maneno yao.

Vipimo ni vitatu, si kimoja. Viwili vinatafuta kingamwili zenyewe: za kadiolipini, ambayo ni aina ya mafuta, na za beta-2 glaikoprotini, ambayo ni protini ya kwenye damu. Hivi havina usumbufu sana, ila kiwango kiandikwe, maana kilichovuka mstari kidogo tu hakina uzito sawa na kilichopanda juu. Cha tatu, lupasi antikoagulanti, ndicho kinachoharibiwa na mikono yetu. Kinapima muda wa damu kuganda, na kina kioja chake: kingamwili hizo zinachelewesha damu kuganda ndani ya tyubu, ilhali mwilini zinafanya kinyume. Damu yake huwekwa kwenye tyubu ya kifuniko cha bluu yenye sitrati, dawa inayozuia damu isigande, sehemu tisa za damu kwa moja ya dawa. Tyubu ikijaa nusu, sitrati inazidi, muda unarefuka, na mama anaambiwa ana tatizo asilokuwa nalo. Baada ya hapo damu izungushwe kwenye mashine mara mbili, ili chembe sahani, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, zisibaki kwenye maji ya damu. Zikibaki zinazimeza kingamwili, na mwenye tatizo anaambiwa yuko salama.

Sasa niambieni, sampuli iliyotolewa asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia huko Chanika, ikasubiri wenzake wajae boksi, ikapandishwa bodaboda kuelekea mjini na kukutana na foleni ya Buguruni, inafika maabara ikiwa na hali gani? Ilitakiwa iwe imeshazungushwa ndani ya saa nne. Kama kituo hakina mashine, kimwambie mama aende maabara kuu mwenyewe. Nauli yake itakuwa ndogo kuliko hasara ya majibu ya uongo.

Kuhusu kurudia: utaratibu uliokubaliwa kimataifa tangu 2006 unataka kipimo kirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, na kioneshe tena, ndipo kihesabike. Sababu ni kwamba maambukizi mengi, VVU na kaswende yakiwemo, yanaweza kuziamsha kingamwili hizi kwa muda, kisha zikapotea. Pia wapo watu wenye afya njema wanaotembea nazo na hawajawahi kuugua chochote. Anayetumia wafarini au heparini, dawa za kuzuia damu kuganda, aseme kabla ya kuchomwa sindano ya kutoa damu, kwa sababu dawa hizo zinavuruga kipimo cha kuganda.

Nikitaja kaswende nakumbuka kisa ambacho wengi wa rika langu kazini walikiona. Vile vipimo vya kaswende vya VDRL na RPR hutumia kadiolipini, mafuta ambayo kwa asili yalitolewa kwenye moyo wa ng'ombe. Mwanamke mwenye kingamwili za kadiolipini anaweza kuonekana ana kaswende na hajawahi kuwa nayo. Nimemwona mume amesimama dirishani petu, kadi ya kliniki mkononi, anamuuliza mkewe mbele za watu alikoipata. Mke analia tu, "Baba Asha, mimi sijui." Kipimo cha kuhakiki, kinachotafuta kingamwili za vijidudu vyenyewe, kilitoka safi. Yule mume aliondoka bila kusema samahani.

Haya yote yasingekuwa na maana kama tiba isingekuwepo. Ipo: aspirini ya miligramu 75 hadi 100 kwa siku pamoja na sindano za heparini, ambayo haivuki kondo kwenda kwa mtoto. Wafarini inavuka na inaweza kumlemaza, ndiyo maana anayeitumia huhamishiwa heparini. Uingereza mwaka 1997 walifuatilia wanawake 90 wenye kingamwili hizi. Waliopewa aspirini na heparini asilimia 71 walipata mtoto hai, wa aspirini peke yake 42. Utafiti mwingine wa baadaye haukuona pengo hilo, lakini madaktari bingwa wanaendelea kuzitoa dawa hizi kwa pamoja. Uamuzi huo ni wao. Naomba dada zangu wasikimbilie duka la dawa kununua aspirini kwa sababu ya karatasi yenye neno moja.

Ninachoomba kwa wenye maabara ni kidogo. Andikeni ni kipi kati ya vitatu kimefanyika, kiwango kimefika wapi na cha kawaida ni kipi, saa damu ilipotolewa na ilipozungushwa, na kwa Kiswahili: "Rudia baada ya wiki 12, onana na daktari." Msiniambie karatasi haina nafasi. Nembo yenu na namba za simu zinachukua robo ya ukurasa.

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam