Winga wa Msimbazi

Shoga yangu Mwanahawa,

Salaam aleikum. Huku Pangani wazima, ila Mama Zuhura mguu bado. Nisamehe kimya. Nakuandikia kwa ajili ya Idi.

Wiki tatu zilizopita alipiga simu jioni: "Mama, nimepata! Niko winga, hapa Msimbazi." Salio likaisha. Shoga, Msimbazi, kwenye makao ya klabu ya Simba! Baba yake alikuwa anashona nyavu, akaziacha pale pale akatoka barazani, na kabla ya isha mtaa mzima unajua mtoto wa nahodha kasajiliwa Simba. Mama Zuhura akaleta mkate wa kumimina. Nami nilipiga vigelegele.

Kumbe winga wa maduka ya Kariakoo, huko huko Msimbazi, ni mwingine. Anasimama njiani, anamdaka mteja, anamfikisha dukani. Mwenye duka anataka elfu 20, yeye anamtajia mteja 25, hiyo tano ndiyo cha juu chake. Mshahara hana. Asipopata mteja, siku imekwenda bure. Baba yake alinuna, mimi nikawaza: winga wa mpira naye si hukimbia pembeni dakika zote 90, akamwaga krosi, mwenzake akafunga akabebwa juu? Walioipa kazi ile jina hilo waliijua vizuri.

Lakini lililoniuma ni jingine. Simu ya pili akamtaja Mwajuma wetu: "yule beki tatu wa Sinza." Nikadhani wasichana nao wana timu. Mwanahawa, ndivyo wanavyomwita mfanyakazi wa ndani! Mtoto anaamka saa kumi alfajiri, anapika, anafua, analea watoto wa watu, halafu jina lake linakuwa namba ya jezi. Marehemu baba alikata mkonge kwa kipande, ile kadi ya kazi ya siku 30, alikuwa kibarua, na leo redioni mechi kubwa ndiyo inaitwa kibarua kizito. Neno la shamba limepanda hadhi, la uwanjani wamemshushia Mwajuma. Nimemwambia Idi nisilisikie tena.

Akajitetea: "Mama, huku vijana wanaitana mabaharia, na bahari wanaiona wakipita Feri tu." Baba yake alikuwa karibu, akaichukua simu: "Baharia wa chombo gani? Umechota maji chomboni usiku kucha?" Wakaongea mpaka salio likakata. Ndiyo mara ya kwanza tangu ile habari ya winga, nami nikashukuru.

Kwa hiyo shoga, wewe Mtaa wa Kongo unapita kila siku. Umemwona? Amekonda? Analala wapi, na nani? Mchana anakula? Hao wenye maduka wanampa chake bila kumzungusha? Na Mwajuma, Jumapili wanamwachia apumzike? Ukimpigia, muite Mwajuma, tafadhali.

Dereva wa basi la Ijumaa nimempa kikapu: ng'onda na nazi sita. Nusu yako, nusu ya watoto. Baba Idi kaweka kofia yake ya zamani ya baharini, mpe Idi, usimwambie kama nimeiona.

Wako,
Mama Idi