Sally tumwite nani?

Charlottesville, Virginia
14 Julai

Kwako Rehema,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, natumai mama na watoto nao ni wazima.

Hatimaye nimefika Monticello, nyumbani kwa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, yule tuliyekaririshwa maneno yake darasani: watu wote wameumbwa sawa. Nyumba ni nzuri, sikatai. Lakini nilikaa zaidi katika chumba kidogo cha upande wa kusini, kilichofunguliwa mwaka 2018 kwa kumbukumbu ya Sally Hemings, mmoja wa watumwa wake zaidi ya 600. Picha yake haijulikani hata moja, kwa hiyo wameweka kivuli tu cha mwanamke, na maneno ya mwanawe Madison yanapita ukutani.

Madison alisimulia yote gazetini mwaka 1873, kwamba baba yake ni Jefferson. Mama yake alipelekwa Paris, Jefferson alipokuwa balozi huko, akiwa binti wa miaka 14 hivi. Ufaransa angeweza kudai uhuru wake, ila Jefferson alimwahidi kwamba watoto atakaomzalia wataachwa huru wakifika miaka 21, ndipo akakubali kurudi. Rehema, msichana wa umri wa wanafunzi wako! Na Madison hakuaminiwa. Wanahistoria wakubwa walimkingia kifua Jefferson hadi kipimo cha vinasaba cha mwaka 1998 kilipoipa nguvu kauli ya mtumwa.

Ukadhani basi, sasa mambo yatasimuliwa sawasawa. Tamthilia ya televisheni ya mwaka 2000 ikayafanya mapenzi. Kisha mwaka 2015 ikaja Hamilton, ile tamthilia ya nyimbo iliyovuma Broadway. Jefferson akaigizwa na mtu mweusi, anacheza, anachekesha, ukumbi mzima unampenda. Sally anatajwa mara moja tu, anaambiwa afungue barua. Nimeitazama mara mbili na nyimbo zake nazipenda mno, lakini pale moyo wangu hujikunja.

Tangu juzi natafuta neno la kumwita huyu mama. Mpenzi? Mpenzi huweza kukataa. Kimada? Hilo linamtukana yeye badala ya bwana. Nikasema suria, neno letu wenyewe, nalo likanishinda. Pwani kwetu enzi za utumwa, mtoto aliyezaliwa na suria, bwana akimkubali, alikuwa huru. Sayyid Barghash mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi, naye akaitawala Zanzibar. Virginia sheria ilikuwa tangu 1662 kwamba mtoto hufuata hali ya mama. Jefferson aliandikisha watoto wa Sally katika daftari lake la watumwa, kwa mkono wake mwenyewe. Uhuru wao mama yao aliununua mapema, kwa maneno, wakati hata hawajazaliwa.

Wewe ndiye mwalimu wa historia. Kidato cha nne wakikuuliza Sally alikuwa nani kwa Jefferson, utaandika neno gani ubaoni? Nijibu upesi.

Wako,
Mwanaidi