Udongo wa Bududa unaishia kwenye mfereji wangu

Mhariri,

Nalima mpunga Doho, wilayani Butaleja, mashariki mwa Uganda. Maji yetu yanatoka mto Manafwa, unaoshuka kutoka Mlima Elgon. Marehemu baba alizibua mfereji mara moja kwa msimu. Mimi msimu huu nimeingia na jembe mara nne, na ninachozoa ni udongo mwekundu uliopaswa kubaki kwenye mibuni ya watu wa Bududa, wilaya iliyo kwenye miteremko ya mlima huo.

Huko juu ana nyumba shemeji yangu. Miteremko niliyoikuta na miti mikubwa, kahawa na migomba sasa ni mahindi na vitunguu. Hata malewa, yale machipukizi ya mianzi tuliyokuwa tukipewa bure, siku hizi shemeji ananiuzia. Shemeji, jamani!

Nametsi mwaka 2010, Bukalasi 2018, Bulambuli 2024: kote mlima umefukia watu. Najua mvua ilikuwa kubwa, na udongo wa kule ni mfinyanzi unaoteleza wenyewe. Lakini mzizi wa muhindi utashika nini?

Simlaumu mkulima mwenye nusu eka na watoto saba. Kumfukuza bila kumpa pengine pa kulima ni kumhamishia mteremko mwingine. Apewe miche ya mringaringa na kahawa, na sisi wa bondeni tunaofaidi maji tumlipe kwa kuitunza. Mimi naanza na gunia moja la mpunga kila mavuno. Nani mwingine wa Doho?

Mkulima wa mpunga,
Butaleja