Mpango wa ardhi upimwe wakati wa masika

Ndugu Mhariri,

Miaka mingi nimekuwa msomaji wenu wa kimya. Habari yenu ile juu ya kupitiwa upya mpango wa matumizi ya ardhi ndiyo iliyonishikisha kalamu, hasa pale iliposemwa kuwa wenye mashamba wameshirikishwa. Mimi nina eka tatu alizopewa marehemu baba yangu baada ya Mapinduzi, hapa Wilaya ya Magharibi 'A', Unguja: juu minazi na mihogo, chini bonde la mpunga. Sikushirikishwa, na jirani zangu ninaopakana nao hawakushirikishwa.

Najua ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali na kwamba Sheria Namba 12 ya 1992 imenipa haki ya kuitumia tu. Hilo siligombi.

Januari ya mwaka juzi, kiangazi kimekolea, walikuja vijana watatu na mashine yao ya kupimia. Niliwakuta wameshasimamisha bikoni ya saruji, ile nguzo fupi ya kuonyesha mpaka, katikati ya jaruba langu la mpunga. Udongo ulikuwa umepasuka hadi kiganja kinapita. Nikawaambia, "Wanangu, hapa ni njia ya maji." Mmoja akatazama chini, akanijibu, "Mzee, maji yako wapi?" Nilinyamaza, na mpaka leo najuta kunyamaza. Masika ilipoingia ile bikoni ilizama yote. Huku juu, waliouziwa viwanja walikuwa wameshamwaga kifusi gari baada ya gari na kujenga kuta. Maji yaliyozoea kutandaa bonde zima yakakosa pa kwenda, yakatugeukia sisi wa chini, yakakaa siku kumi na moja, na mpunga ndio kwanza unachanua. Mke wangu alivuna polo, yaani gunia, moja na nusu, mahali alipokuwa akivuna tisa. Nilikwenda ofisini mara tatu kuomba kuiona tu hiyo ramani iliyoligeuza bonde kuwa viwanja. Mara ya kwanza mwenye ufunguo kasafiri. Mara ya pili niandike barua, nikaandika. Mara ya tatu nikaambiwa ramani si ya kuonyeshwa kila mtu. Mimi ni kila mtu, na bikoni imo shambani mwangu?

Sisemi watu wasijenge. Sensa ya 2012 ilituhesabu Zanzibar nzima watu 1,303,569, ya 2022 ikatuhesabu 1,889,773, na visiwa havikuongezeka hata pima moja. Watoto wangu wenyewe wanataka pa kukaa. Lakini ardhi ya udongo mzito tuliyonayo ni kidogo, upande wa mashariki wa Unguja karibu wote ni maweni, na nyumba inasimama juu ya jiwe ambako mpunga hauoti. Hata hivyo tunajenga bondeni, kisha kila mvua kubwa tunashangaa mtaa wa Mwanakwerekwe kujaa maji.

Na mchanga wa kujengea nao unatoka mashambani. Nilikwenda kijiji cha Donge kumtazama dada yangu, nikaona mnazi umebaki peke yake juu ya kichuguu cha udongo, mizizi inaning'inia, pande zote shimo lililochimbwa mchanga. Mwenye shamba kalipwa mara moja, shamba halipo tena. Mpango wa ardhi usiosema mashimo yale yatafukiwa na nani, na lini, haujakamilika.

Ninachotaka ni hiki. Wapimaji waje Aprili na Mei, wavue viatu, watembee bondeni na sheha, mkuu wa shehia, pamoja na wazee wawili wanaolima pale, na kila maji yanapofika magotini pachomekwe mti wa mkoko wenye kitambaa cheupe. Hapo ndipo mpaka wa kutojenga, mwenye fedha na asiye nazo. Kisha ramani ichapwe kwa Kiswahili kwenye turubai, upana wa mita mbili, majina ya mabonde na visima yaandikwe kama tunavyoyaita wenyewe, itundikwe kwenye skuli ya kila shehia siku arobaini kabla haijatiwa saini. Pawekwe daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi, mwenye la kusema aandike, na kila aliyeandika ajibiwe kwa maandishi.

Ile bikoni ningali nayo jarubani. Atakayekuja kuing'oa nitamsaidia kuibeba.

Mkulima wa eka tatu,
Magharibi 'A', Unguja