Risala ya vijana wa maigizo wa Kisauni kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa dini, wazee wetu, wazazi na wasanii wenzetu, assalaam aleikum na hamjambo.

Tunakushukuru kwa kuitika mwito wetu, na foleni ya daraja la Nyali tunaijua. Karibu sana Kisauni.

Kikundi hiki kilianzishwa na vijana waliomaliza shule za upili wakakataa kuiacha sanaa. Tangu hapo tumefanya makubwa. Michezo yetu ya jukwaani imeelimisha Mombasa nzima juu ya dawa za kulevya, na filamu zetu fupi, tulizozipiga kwa simu, zimetazamwa kutoka Lamu hadi Vanga.

Huwa tunaulizwa: nyinyi ni wa jukwaa au wa filamu? Tunamtaja Lupita Nyong'o. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet jukwaani Nairobi. Baadaye akafanya kazi nyuma ya kamera, na mwaka 2009 akaongoza filamu yake kuhusu Wakenya wenye ualbino. Mwaka 2014 akatwaa Oscar, na bado mwaka 2016 alirudi jukwaani, Broadway kule New York, akateuliwa kuwania Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani. Jukwaa hutaka sauti ifike safu ya nyuma. Kamera hutosheka na jicho. Vijana wetu wanayaweza yote mawili. Pa kufanyia mazoezi ndipo hawana.

Hilo ndilo ombi letu, Mheshimiwa. Tunafanya mazoezi kiwanjani. Masika yakiingia, kazi husimama. Tukirekodi, honi za tuktuk na bodaboda huingia kwenye maikrofoni, na sehemu nzuri tunaitupa. Mavazi na taa zetu zimelala chini ya vitanda vya wanachama, chumvi ya bahari ikila nyaya. Na kwa kuwa kiwanja hakina mwanga, wazazi huwazuia mabinti zao kuja jioni. Hatuwalaumu, lakini waigizaji hodari wametutoka kwa sababu hiyo.

Nyuma ya kiwanja hiki lipo bohari la umma, tupu, limefungwa kufuli. Hatuombi kujengewa. Tunaomba ufunguo, barua ya ruhusa na umeme. Mchana litakuwa studio, jioni ukumbi.

Kwa heshima zote, bohari hilo limesifiwa na wageni waliokutangulia kwenye kiti hicho. Mmoja alilipima kwa futi mbele yetu, tukapiga makofi. Tukaandika barua, tukaambiwa faili iko njiani. Video za ahadi hizo tunazo, na hatukusudii kumwaibisha mtu. Tunayasema haya kwa kuwa tunakuamini, na wazazi walioketi hapa wamechoka kutusikia tukisema "bado kidogo". Ikiwa haiwezekani, tuambie leo tukatafute pengine.

Kwa hivyo utakaposimama kuzungumza, tunakuomba utaje siku ya kukabidhiwa ufunguo na afisa tutakayemfuata. Katibu ataandika vyote viwili kwenye kumbukumbu mbele ya wote.

Ahsante sana.

Ni sisi, wanakikundi.